Mnatuuzia mashine ya sukari bei chee, stripu tukazitafute wapi?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Uzi huu ni wa wauza vipimo vya sukari, wa hapa Dodoma mjini na wale wa mtandaoni wanaotuma mzigo kwa basi.

Mgonjwa wa kisukari aina ya pili anatoka kliniki ameambiwa akanunue mashine ajipime nyumbani. Dukani swali la kwanza ni "una shilingi ngapi?" Anaoneshwa boksi linalong'aa: mashine, stripu kumi (vile vipande vya kuwekea tone la damu), sindano kumi na kapochi ka zipu. Bei chee kweli. Stripu zikiisha anarudi, anajibiwa "hizo hatuleti tena, jaribu Dar". Stripu za kampuni nyingine hazikubali kwenye mashine hiyo, kwa hiyo watoto wamepata cha kuchezea. Na mlilijua hilo siku mlipoiuza!

Anayetafuta mashine aanze na bei ya stripu. Tuseme mashine moja ni 30,000 na boksi lake la stripu 50 ni 40,000. Nyingine ni 60,000, boksi 25,000. Kwa anayepima mara moja kila siku, siku 30 za ile ya kwanza ni 24,000, za ile ya pili ni 15,000. Tofauti 9,000 kwa mwezi. Hiyo 30,000 mliyomwambia ameokoa inaisha mwezi wa nne, na kuanzia hapo analipa zaidi kila mwezi. Hesabu ya darasa la tano hii, lakini dukani hamuisemi.

Sasa tarehe. Iliyochapwa kwenye kichupa mara nyingi ni ya kichupa ambacho hakijafunguliwa. Kikishafunguliwa, stripu nyingi zina siku 90 tu, nyingine hufika miezi sita au hata tarehe iliyochapwa, na mtumiaji ndiye anayetakiwa kuandika kwa peni siku aliyofungua. Anayemeza dawa ya metformin peke yake na sukari yake imetulia mara nyingi hana haja ya kupima kila siku. Akipima mara tatu kwa wiki, katika siku 90 anatumia stripu kama 38. Kwenye kichupa cha 50, stripu 12 zinakwenda jalalani. Mtu huyo anafaa kuuziwa boksi lenye vichupa viwili vya 25, au zile zilizofungwa moja moja kwenye karatasi ya foili. Wa insulini, au wa glibenclamide ambayo inaweza kushusha sukari ghafla, huyo anapima mara nyingi zaidi na kichupa kikubwa kinamfaa.

Kuna jambo linaudhi kuliko yote: kuuza stripu za kuhesabu. Muuzaji anafungua kichupa, anachomoa tano kwa vidole, anazitia kwenye kibahasha cha vidonge, "hizi hapa mama". Kifuniko cha kile kichupa (wakati mwingine ukuta wake wa ndani) kina kitu cha kunyonya unyevu, hakikuwekwa kama pambo. Kwenye ncha ya stripu kuna kimeng'enya kinachofanya kazi na sukari ya damu, na hewa yenye unyevu inakiua taratibu. Mashine haitakuonya kila mara. Itasoma tu, na itasoma uongo. Na mteja wa mwisho anayebakiziwa kichupa kilichofunguliwa mara kibao naye anaambiwa ni kipya.

Joto nalo. Stripu nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30. Oktoba na Novemba hapa kwetu kivulini tu panapita hapo, sembuse kabati la kioo linalopigwa na jua la saa nane, au buti ya basi kutoka Dar. Msikimbilie friji pia: zikitoka kwenye baridi zinapata umande ndani. Chumba chenye kivuli, mbali na jiko, basi.

Wa mtandaoni, nyie mnaleta mashine zinazosoma sukari kwa kipimo cha mg/dL bila kumwambia mtu neno. Kliniki zetu zinaandika kwa kipimo kingine, mmol/L. Mzee anaona 126 anadhani anakufa, kumbe ni 7.0. Gawanya kwa 18. Na kabla ya kulipa, mteja aulize kama kifaa kimesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Kuhusu "mashine yangu inadanganya": kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinaruhusu asilimia 15 juu au chini sukari ikiwa kuanzia 5.55 mmol/L, na 0.83 ikiwa chini ya hapo. Maabara ikisema 8.0, mashine ikasoma 7.1 au 8.9, haina kosa. Linganisha ukiwa hujala, maana baada ya chakula damu ya kidole huwa na sukari zaidi ya damu ya mshipa. Mwenye upungufu wa damu asome karatasi ya ndani ya boksi, kwa sababu damu nyepesi huifanya mashine isome juu.

Makosa mengine ni ya mkono. Umemenya embe au umechuma zabibu, ukatoboa kidole bila kunawa, hapo unapima tunda. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, toboa pembeni ya ncha ya kidole. Usikamue kwa nguvu, maana majimaji ya nyama yanachanganyika na damu. Kwa wasiwasi wowote kuna kimiminika cha kuhakiki: tone moja kwenye stripu, jibu liangukie ndani ya namba zilizoandikwa ubavuni mwa kichupa cha stripu. Maduka mangapi hapa mjini yanacho?

Kwa hiyo anayeuza aandike humu chini: jina la stripu, bei ya 50, ni kichupa kimoja au viwili, kimiminika cha kuhakiki kipo au hakipo, na mzigo mwingine unaingia lini. Picha za mashine msituwekee.