Naomba ushauri: git-crypt imefunguka, lakini mafaili mawili bado yamefungwa

Wakuu, habari zenu.

Nina hazina ya Git iliyofungwa kwa git-crypt (programu inayosimba, yaani kuficha kwa ufunguo, mafaili uliyoyachagua ndani ya hazina), kwenye kompyuta ya mezani ya Ubuntu. `git-crypt unlock` inapita bila kosa na mafaili mengine yanasomeka vizuri. Mawili tu, `prod.env` na `smtp.env`, yanabaki herufi zisizoeleweka.

Niliyokwisha kuangalia: `git check-attr filter prod.env` inajibu git-crypt, kwa hiyo `.gitattributes` (faili linaloiambia Git ni mafaili gani yapite kwenye kichujio cha git-crypt) iko sawa. `git status` ni safi. `head -c 10 prod.env | xxd` inaonyesha kichwa cha GITCRYPT (alama ya mwanzo ya faili lililosimbwa) hata baada ya kufungua, na hapo ndipo nilipopata shaka. Nikajaribu kulifungua kwa mkono kwa `smudge`, amri ya git-crypt ya kusimbua:

`git-crypt smudge < prod.env > /dev/shm/prod.txt`

Maandishi yakatoka safi kabisa! Maana yake ufunguo ni sahihi, ila faili limesimbwa mara mbili: lililokuwa tayari limefungwa lilipitishwa tena kwenye kichujio wakati wa `git add`. `git-crypt status` haisaidii hapa, inaandika "encrypted" tu kama kawaida.

Maswali yangu:

1. Nikiweka hayo maandishi safi juu ya faili la zamani kwenye `main` kisha nikafanya `git commit`, matawi mengine yenye nakala iliyofungwa mara mbili yanaweza kugongana wakati wa kuunganisha, iwapo nayo yamelibadilisha faili hilo. Nirekebishe kila tawi kwanza, au kuna njia fupi zaidi?

2. Kuna mwenye skripti ya `pre-commit` (inayojiendesha kabla ya kila `git commit`) inayokataa faili ambalo bado lina kichwa cha GITCRYPT kabla ya kusimbwa?