Tike ya boti Goma–Bukavu tunalipa, jile (koti za kuokoa mutu ku maji) wanafunga na kamba juu. Mpaka lini?

Bandugu salama. Nafungua huu uzi na hasira, sitaficha. Mwenye anasafirigi ku ziwa Kivu atanielewa, na mwenye hasafiri asome tu ju siku moja atapanda ao atapandisha mutoto wake.

Kwa sisi watu wa huku boti si mambo ya matembezi, ni barabara. Njia ya nchi kavu, ya Sake na Minova, wote munaijua, vita, barieri, mvua ikinyesha matope mpaka magoti, ndiyo maana mwenye mugonjwa, mwanafunzi, mama mwenye magunia ya maharagi, wote tunashuka bandarini. Wenye boti wanajua hatuna pengine pa kupita. Wanatufanyia vile wanataka.

Mudogo wangu, mutoto wa mama mukubwa, alikuja kutoka Lubumbashi, hajawahi kuona ziwa la hivi. Nikamwambia tutashuka ku kisiwa cha Idjwi tulale, kesho yake tuendelee Bukavu tutembee muji. Tike wakaandika saa moja ya asubuhi. Saa moja tuko pale. Saa mbili wanaingiza magunia, saa tatu wanaingiza tena magunia, bido za mafuta, matela za kulalia, mbuzi, na pikipiki wanazilaza njiani kabisa, pale mutu angekimbilia kama kuna hatari. Namuuliza kijana wa tike mbona hatuendi, anajibu: "Papa vumilia, boti haijajaa." Watu wako juu ya mizigo, ba mama wenye watoto mugongoni wamesimama kando ya injini na ule moshi wote, na yeye anasema haijajaa!

Nikauliza jile. Akanionyesha juu ku dari, ziko mu wavu, zimefungwa na kamba ya nailoni, fundo juu ya fundo, zingine hata mikanda hazina. Nikaomba zetu mbili tuvae. Anasema zinatolewa kukiwa tatizo. Niambieni bandugu, upepo ukikamata boti kule kati ya Idjwi na Kalehe, watu wanalia, mizigo inateleza upande mumoja, nani atapanda ku dari kufungua mafundo? Ziwa letu mahali penye kina linashuka karibu mita 480. Pale hakuna cha kusema nitasimama.

Na kitu chenye kiliniuma zaidi ni daftari ya majina. Wa kwanza waliandikwa, sisi wa nyuma hapana. Halafu boti ikatoka, wakubwa wa bandari wameshahesabu wamerudi ku kivuli, ikaenda kidogo tu ikapunguza mwendo, mitumbwi ikatoka pembeni na watu wengine wakapanda kule kule ju ya maji. Hao nani amewaandika? Wakizama leo, familia itaenda kuulizia wapi?

Musiniambie naongeza chumvi. Tarehe 3 mwezi wa 10, 2024, boti ya kutoka Minova ilipinduka hapa Kituku, bandari ya Goma, inakaribia kufika, watu wa inchi kavu wanaangalia na macho yao. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ndani kulikuwa watu 278, wafu 78, na kisha hesabu zingine zikatoka, kila mutu na yake, ju hakukuwa liste yenye kuaminika. Kuna familia zilizunguka hospitali na morgi bila kujua kama mutu wao alipanda ao hakupanda. Na 2019 mwezi wa 4, kule Kalehe, zaidi ya mia walipotea mu ziwa hili hili, rais Tshisekedi akaja mwenyewe, akasema jile ni lazima kwa kila musafiri. Lazima gani hii yenye inafungwa na kamba?

Idjwi sitalaumu. Watu wa kule wametupokea vizuri sana, tulikula sambaza, samaki ndogo za ziwa, ya kukaangwa na nanasi tamu mpaka mudogo akauliza kama anaweza kupeleka Lubumbashi. Ila kesho yake boti ya asubuhi ikafika mangaribi inakaribia, hakuna mwenye kueleza, hakuna mwenye kuomba radhi. Bukavu tukaingia usiku. Ule muji umejengwa juu ya vipande vya inchi vyenye vinaingia ndani ya ziwa, ukiwa ku boti na mwanga unaona La Botte, kimoja cha vile vipande, nyumba za wakati wa Wabelgiji walipouita Costermansville, milima ya Kadutu imejaa mabati mpaka juu. Mudogo aliona giza na taa. Nilitaka tupande na miguu avenue Lumumba mpaka Place de l'Indépendance, tuone katedrali, tushuke mahali mto Ruzizi inatokea ku ziwa kuanza safari ya Tanganyika. Hatukufanya hata nusu, ju boti ya kurudi nayo walibadilisha saa bila kutuita. Na pale bandarini kila begi inaombwa franga, ukiomba karatasi ya malipo wanakuangalia vibaya.

Wengine watasema panda kano rapide, ile boti ndogo ya mbio. Mama wa maharagi atapata wapi ile bei? Kwa hiyo yeye maisha yake ni ya bei rahisi?

Mimi sitaki meli mupya ya madola mengi. Nataka majina yote yaandikwe kabla injini haijawaka. Jile mwilini, si ku dari. Boti yenye ilishahesabiwa isiokote mutu tena njiani, na mwenye kapiteni wake ameokota, anyimwe kutoka kesho yake. Na saa ya tike ikipita sana, franga irudishwe.

Mwenye alisafiri hii wiki, aandike hapa chini: saa ya tike, saa boti ilitoka, alivaa jile ao hapana, jina lake liliandikwa ao hapana. Jina la boti na la kapiteni musiweke hapa. Nitachapisha zote ku karatasi nipeleke kwa mukubwa wa bandari mwenyewe, na vile atanijibu nitaandika hapa hapa.