Misheni ya vijana siku kumi: Rabai, Namugongo au Likoma?

Kijana wa Mbweni

Bwana asifiwe wapendwa. Na wasio wa kanisa, asalaam alaykum, najua humu tumo wote.

Sisi ni vijana 14 wa Kianglikana hapa Unguja. Miaka yote kazi yetu ni kupokea vikundi vya ng'ambo: kuwapeleka Mkunazini, kuwaimbia, kupiga nao picha, kuwasindikiza uwanja wa ndege. Mwaka huu tumesema na sisi tutoke. Tumeuza maandazi baada ya ibada, tumeosha magari, tumepitisha bahasha. Tumefika milioni 5 na laki 2. Siku ni kumi tu, mwisho wa Mei, kwa sababu nusu yetu tunafanya kazi hotelini na wakati wa masika ndipo hoteli zinapofunga. Ukikosa hapo, subiri mwakani.

Kamati imegawanyika pande tatu.

Rabai, nje kidogo ya Mombasa. Ndiko mmisionari Krapf alikoanza kazi mwaka 1846, lakini kumbukeni 1844 alipitia hapa hapa Unguja kuchukua barua ya ruhusa ya Sayyid Said. Freretown nayo, mji wa waliokombolewa utumwani, iko hapo hapo Mombasa.

Namugongo, Uganda. Siku ya Mashahidi, wale waliouawa kwa imani yao, ni tarehe 3 Juni, tarehe zinakaribiana na zetu.

Likoma, Malawi. Kile kisiwa cha ziwani chenye kanisa kuu la Mtakatifu Petro. Misheni iliyojenga kanisa letu la Mkunazini ndiyo iliyojenga na lile.

Miye binafsi moyo uko Likoma. Aliyefika mojawapo atwambie ukweli, asitupambie.

Mama Kwaya

Marahaba wote mlionitumia shikamoo kule kwenye kundi la simu, nakujibuni hapa ili na wengine wasome.

Namugongo nimefika, kwa basi kutoka Dar. Wanangu, kile kiti! Unakaa zaidi ya siku nzima, unashuka miguu imevimba kama mihogo iliyoroweshwa. Lakini nikwambieni, nililia. Kusimama pale walipochomwa vijana wa mwaka 1886, wengine wadogo kuliko nyinyi, si jambo la kusimulia. Wakatoliki wana kanisa lao na Waanglikana wana mahali pao, watu wanakuja kwa miguu kutoka kila upande, wengine hata kutoka Kenya.

Ila mwisho wa yote ile ni hija. Utaomba, utaimba, utasukumwa, utalala kwenye nyasi. Kumhudumia nani katika umati ule? Wao ndio watakaokuhudumieni. Kama mnataka misheni, msidanganyane.

Na msisahau kadi ya manjano. Uganda wanaidai. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia, si mnachoma leo mnapanda basi kesho. Ukishachoma inatosha maisha.

Fundi Umeme

Likoma! Hivi mnajua hadithi yake nzima? Wamisionari wa UMCA, ndiyo hiyo misheni iliyojenga Mkunazini na Likoma, walianzia Magomero, huko huko Malawi, mwaka 1861. Askofu Mackenzie akafa kwa homa Januari 1862, wengine nao wakaanguka mmoja mmoja. Ndipo 1864 Askofu Tozer akaihamishia misheni Unguja, na watu wakamcheka kwamba amekimbia. Miaka ya 1880 wakarudi ziwani wakitokea kwetu, na safari hii hawakurudi peke yao. Walikwenda na vijana waliosomeshwa Kiungani, shule ya misheni hapa Unguja, watoto waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa. Padri Augustine Ambali ni mmoja wao, alitekwa mtoto, akasomea Kiungani, akamaliza umri wake akihudumu Nyasa.

Kwa hiyo vijana wa Unguja kwenda Likoma kwa misheni si jambo jipya. Tunafuata nyayo. Mimi kura yangu nimeshapiga.

Msafiri wa Ziwani

Fundi, historia umeisema vizuri, sasa hesabu siku.

Siku ya kwanza boti asubuhi mpaka Dar, basi la Mbeya. Siku ya pili mmefika Mbeya mmechoka. Siku ya tatu mnavuka mpaka Kasumulu, mnapita Karonga, mnalala Mzuzu. Siku ya nne Nkhata Bay, na hapo mnaisubiri meli. Ilala imo ziwani tangu 1951, ina siku zake za kupita, ikiharibika mtakaa pwani mnakula usipa. Na kuanzia Mei upepo wa kusini unaanza kuchafua ziwa, wenyewe wanauita mwera. Msidhani kwa kuwa ni ziwa halina mawimbi. Askofu Chauncy Maples alizama ziwa hilo hilo mwaka 1895, hata hajakaa kiti chake.

Mkibahatika mtafika siku ya tano. Kurudi je? Hamjashusha mabegi mnaanza kuulizia meli ya kurudi.

Na lugha ni Chinyanja. Kiingereza wanacho, Kiswahili utakipata kwa mmoja mmoja aliyewahi kufanya kazi Tanzania. Sikatai, kanisa lile ukiliona kwa mbali kutoka majini, limekaa peke yake kwenye kisiwa cha mawe na mibuyu, unasahau njaa. Wamelijenga kuanzia 1903. Nendeni mkiwa na mwezi mzima. Kwa siku kumi mtakuwa mmefanya misheni kwenye mabasi.

Ami wa Malindi

Waalaykum salaam. Miye si wa kanisa ila nyinyi ni watoto wa jirani zangu, na njia ya Mombasa nimeipita kwa biashara ya vitambaa miaka mingi kuliko umri wenu.

Boti ya asubuhi mpaka Dar, basi la Tanga, kisha mpaka wa Horohoro. Siku hizi pale mpakani mnagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia sehemu moja. Mkitoka Dar alfajiri, jioni mpo Mombasa. Au laleni Tanga, hamna tabu, mvuke asubuhi na akili timamu.

Wangapi wana pasipoti? Maana mpya ni laki moja na nusu kwa kichwa. Kwa Kenya na Uganda hati ya dharura inakutosheni na bei yake ni ndogo mno. Nendeni Uhamiaji mapema, kitambulisho mkononi, cheti cha kuzaliwa mkononi. Msende wiki ya mwisho mkaanza kutafutana.

Pesa msibadilishe kwa vijana wanaokufuateni mpakani wameshika mabunda. Nimeshapigwa pale, mtu mzima na ndevu zangu.

Kijana wa Mbweni

Shikamoo ami, ahsante sana. Wenye pasipoti ni watatu tu. Ina maana 11 mara 150,000, ni 1,650,000 imeondoka hata hatujapanda boti. Hati ya dharura hatukuijua kabisa.

Kisiwa Kimoja

Na Ngazija je? Ndugu zetu kabisa wale, ndege haichukui muda.

Mwalimu wa Chake

Ngazija nendeni kutembea. Komoro sheria hairuhusu kuwahubiria Waislamu dini nyingine, na wageni wameshafukuzwa kwa hilo. Mtawaletea matatizo hata Wakristo wachache walioko kule. Tuliache.

Sasa nina la kwangu, na mtanisamehe kwa urefu.

Tumelinganisha mabasi, meli na chanjo. Hakuna hata mmoja aliyesema mnakwenda kufanya nini. Miaka kadhaa nyuma kanisa moja hapa kisiwani lilipokea kikundi cha ng'ambo. Vijana wazuri, wacheshi, wana adabu. Wakapaka rangi darasa la skuli ya Jumapili, buluu. Mwaka uliofuata kikaja kikundi kingine, nacho kimeahidiwa kazi, kazi haipo, wakapewa darasa lile lile. Wakapaka njano juu ya buluu. Fundi rangi wa mtaani, baba wa watoto wanne, amekaa barazani anatazama watu waliotumia mamilioni kwa nauli wakimfanyia kazi yake bure, na vibaya. Madirisha yote yalikuwa na matone. Na darasa lenyewe halikuwa na mwalimu.

Nyinyi mlikuwepo. Mnajua yanavyokuwa mapokezi: kuku wanachinjwa, mama zenu wanahama vyumba, kazi za watu zinasimama wiki nzima. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa nyinyi mtashika jembe gani? Na huko mwendako kuna aliyewaita, au mnajipeleka?

Na kwa nini msianze Pemba? Waumini wa Weti na Chake wachache hawa, mara ya mwisho mlikuja kutuona lini?

Mama Kwaya

Mwalimu umenikata maini. Ile ya njano naikumbuka, mpaka leo ukikwaruza kwa ukucha buluu inatokea.

Fundi Umeme

Mwalimu, ukisema hivyo hakuna mtu atakayetoka nje ya mlango wake. Mbona Tozer hakuitwa na mtu?

Mwalimu wa Chake

Tozer alikaa miaka. Steere aliyemrithi alijifunza Kiswahili hasa, akaandika sarufi, akatafsiri Maandiko. Nyinyi mna siku kumi, toa nne za njiani. Msijifananishe.

Mrabai wa Paje

Habari zenu. Nimesoma kimya kimya tangu asubuhi. Mimi ni mzaliwa wa Rabai, nafanya kazi jikoni hoteli moja huku Paje, mwaka wa sita sasa. Niseme ya kwetu.

Kuja mnakaribishwa. Ila kuna mambo matatu hivi muyajue, au manne.

Tangu Shakahola, mwaka 2023, watu waliokufa njaa msituni kule Kilifi kwa kumfuata mhubiri, zaidi ya 400, kijiji kwetu hakimtazami mhubiri mgeni kama zamani. Na sisi tumo kaunti hiyo hiyo. Mkishuka tu na spika mkaanza kuhubiri sokoni, chifu ataitwa na ana haki. Njooni na barua ya askofu wenu kwa kanisa la kule, na kanisa la kule limwarifu chifu kabla hamjafika.

La pili, kaya. Yale mapori mnayoyaona juu ya vilima ndiyo kaya zetu, misitu ya wazee, na tangu 2008 zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hamna ruhusa kuingia bila wazee, na ukiingia unafuata masharti. Kuna vijana walikuja wakaizunguka wakikemea pepo kwa sauti. Nyanya yangu ni mkristo, mama wa kanisa wa siku nyingi, na alikasirika kuliko wote. Alisema mbona watu hawa wanatukana kwetu.

La tatu ni matope. Mei ni mvua kwetu kama kwenu. Msilete viatu vya kupigia picha.

Makumbusho ya Krapf mtayatembelea nusu saa, yapo hapo hapo kanisani. Mkipita Freretown simameni Kengeleni, ile kengele iliyokuwa ikipigwa kuonya kwamba wakamata watumwa wanakuja. Mji ule umepewa jina la Bartle Frere, yule yule aliyetumwa huku Unguja mwaka 1873 kumbana Sultani Barghash, na mwaka huo huo soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Soko likafungwa huku, waliokombolewa wakajengewa mji kule. Nilipolijua hilo nikiwa huku kazini nilikaa nikatafakari sana, kwamba nimevuka bahari kuja kupika mahali ambapo hadithi ya kwetu ilianzia.

Mnachoweza kufanya? Hilo sitawajibia mimi. Lakini mnasema nusu yenu mnafanya hotelini. Kwetu vijana wamejaa wamemaliza shule, hoteli za Mombasa na Diani ziko pale, na hawajui hata kutandika kitanda kwa kipimo au kujibu maswali ya usaili. Nimewahi kumfundisha mdogo wangu kwa simu, usiku, jinsi ya kushika trei. Alipata kazi.

Kijana wa Mbweni

Dada, hapo umenigusa. Kwenye 14 tuna wahudumu wa chakula wanne, wa vyumba wawili, mmoja wa mapokezi, mpishi wa mikate mmoja. Fundi Umeme anajua kufunga sola. Hatukuwahi kufikiri kwamba hiyo ni misheni, tulikuwa tunafanya mazoezi ya maigizo ya Mwana Mpotevu.

Mama Kwaya

Igizo msiliache. Jioni watoto watataka kitu. Lakini punguzeni ile sehemu ya nguruwe, inachukua robo saa.

Fundi Umeme

Likoma basi imekufa?

Msafiri wa Ziwani

Haijafa. Andikeni barua kwanza, muulize kama wao wanataka wageni na wa nini. Ukipata jibu, tafuta likizo ya mwezi. Wewe na wenzako wawili, si 14. Nitakuonyesha njia mwenyewe.

Kijana wa Mbweni

Tumekaa kamati jana baada ya ibada. Namugongo tumeiondoa, wanaotaka hija watakwenda kivyao. Likoma Fundi ameachiwa aandike barua. Rabai hatujaipitisha bado, na hilo limewakera wengine. Katibu amesema tusikate tiketi mpaka kanisa la kule lijibu, na barua yetu haina orodha ya tutakachowafanyia, ina orodha ya tunachojua, wao ndio wachague. Wakisema msije, basi.

Mwalimu, la Pemba limezungumzwa pia. Tumeaibika kidogo. Hatukuja tangu 2019. Tunaomba tuje wikiendi moja kabla ya safari, wanane hivi, na hatutapaka rangi.

Dada wa Paje, nyanya yako tumletee nini kutoka Unguja?

Mrabai wa Paje

Kanga. Jina lisiwe la mafumbo, atasema mnamsema. Na karafuu kidogo, anaweka kwenye chai.

Mwalimu wa Chake

Karafuu chukueni huku mkija. Za Darajani mnauziwa makonyo.

Ami wa Malindi

Hati za safari mmeshafuata? Mbona hamjibu hilo?