Jezi ya kijani "EUSKADI" pale Memorial: ni klabu au timu ya taifa?

Mdau_Pasua (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Kwenye mitumba ya Memorial kuna jezi ya kijani, kifuani imeandikwa EUSKADI. Muuzaji anaapa ni klabu ya Ureno. Mtandaoni kuna picha za Euzkadi kwa "z", nyingine Euskal Herria. Ni timu moja? Na kama ni taifa, mbona Kombe la Dunia hatuioni?

Chuga_Kandanda (Arusha)
Ureno wapi! Hiyo ni timu ya Wabaski, watu wa kaskazini mwa Hispania na kipande cha kusini-magharibi mwa Ufaransa. Timu ni moja, kinachogombaniwa ni jina.

Euzkadi kwa "z" ni tahajia ya zamani, ya kikosi cha 1937. Ukiiona kwenye poliesta inayong'aa, ujue ni ya ukumbusho. Euskadi kwa "s" ndiyo ya tangu timu ilipofufuliwa: 16 Agosti 1979, uwanja wa San Mamés jijini Bilbao, wakaipiga Ireland 4-1. Shida ni kwamba Euskadi kiserikali ni mikoa mitatu tu, Bizkaia, Gipuzkoa na Araba. Navarra haimo, wala upande wa Ufaransa. Wachezaji wakataka Euskal Herria, jina linalowabeba wote, na Desemba 2007 wakacheza na Catalonia kwa jina hilo. Mwaka uliofuata shirikisho la soka la Wabaski likataka kurudi Euskadi, wachezaji wakagoma, mechi na Iran ikafa. Siku hizi wanajiita Euskal Selekzioa, yaani timu teule ya Wabaski, na hapo hakuna wa kununa.

Kwa hiyo neno EUSKADI peke yake halikupi mwaka. Geuza jezi ndani usome lebo ya mtengenezaji, kisha linganisha nembo na picha za mechi.

Mwalimu_wa_Namba_Tisa (Moshi)
Mkuu, 1937 umeipita mbio na ndiko kwenye utamu. Rais wa serikali ya Wabaski, José Antonio Aguirre, mwenyewe aliwahi kuichezea Athletic Bilbao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vimepamba moto, ligi imesimama, akaituma timu nje ichangishe fedha na kulitangaza jimbo. Mechi ya kwanza Paris, 26 Aprili 1937, klabu ya Racing ikala 3-0. Siku hiyohiyo ndege za Wajerumani na Waitaliano zikaupiga mabomu mji wa Guernica.

Msidhani ni timu ya mchangani. Mshambuliaji wao Lángara alikuwa mfungaji bora wa La Liga misimu mitatu mfululizo, 1934 hadi 1936. Yeye, Luis Regueiro, Iraragorri, Cilaurren na Gorostiza wote walikuwa Kombe la Dunia 1934 na Hispania. Kwenye ziara ya Umoja wa Kisovieti, Wabaski walipoteza moja tu, 6-2 kwa Spartak Moscow.

Bilbao ikaanguka 19 Juni timu ikiwa safarini. Gorostiza akarudi upande wa Jenerali Franco, adui wa serikali ya Wabaski, wengine wakavuka bahari. Huko FIFA ikawabana, vyama wanachama visicheze nao, na mechi za Argentina zikakwama. Njia waliyoipata ni Mexico: wakaingia ligi ya 1938-39 kama klabu, wakamaliza wa pili nyuma ya klabu ya Asturias. Kisha kikosi kikavunjika. Lángara akaenda San Lorenzo ya Argentina, na mechi yake ya kwanza akawatupia River Plate manne.

Mdau_Pasua (Moshi)
Asante mwalimu. Sasa mbona inafanana na Zanzibar?

Chuga_Kandanda (Arusha)
Inafanana nusu. Zanzibar ina CECAFA, mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, tena ilibeba kombe 1995. CAF, shirikisho la soka Afrika, iliipa uanachama kamili Machi 2017, Julai ikaufuta. Wabaski hata hicho cha CECAFA hawana, wanaishia kirafiki. FIFA inataka nchi huru inayotambuliwa kimataifa. Msiniletee Scotland, vyama vinne vya Uingereza ni vikongwe kuliko FIFA yenyewe ya 1904.

Ndiyo maana kwa miaka mingi mechi zao zilikuwa mwisho wa Desemba, La Liga ikiwa likizo. Klabu hailazimiki kumwachia mchezaji, na Uingereza hawapumziki Krismasi, hivyo aliye huko alikosekana. Siku hizi wanatumia pia wiki za mechi za kimataifa, mfano Machi 2024 na Uruguay, 1-1. Hapo kasoro inageuka: aliyeitwa na Hispania ndiye anayekosekana. Anayefungua simu kumtafuta Oyarzabal, Mbaski anayeichezea Hispania, kwenye mechi hizo atakesha bure.

Mwalimu_wa_Namba_Tisa (Moshi)
Na wa upande wa Ufaransa wanaruhusiwa. Lizarazu, bingwa wa dunia 1998, aliivaa. Mdau, kama mgongoni kuna jina, liandike hapa kabla hujatoa hela.