Surat au Bhuj: mji upi unafaa zaidi kufundishia utawala wa miji ya Gujarat?

Mwalimu wa Historia (mwanzisha mada)
Ndugu wanajukwaa, ninaandaa somo kuhusu utawala wa miji ya India, hasa ya Gujarat, jimbo la magharibi mwa nchi hiyo, na nafasi ninayo ya mji mmoja tu. Surat ilikuwa bandari kuu ya dola ya Mughal iliyotawala sehemu kubwa ya India, ikaporwa na Shivaji, kiongozi wa Wamaratha, mwaka 1664 na tena 1670, ikapata manispaa mwaka 1852, na leo ni jiji ambalo sensa ya 2011 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 4. Bhuj ni mji mdogo, makao makuu ya watawala wa Kachchh, eneo la magharibi mwa Gujarat, tangu 1549, ambao hadi 1956 ulikuwa chini ya utawala wa pekee kabla eneo hilo kuunganishwa na jimbo la Bombay, kisha Gujarat mwaka 1960. Mwelekeo wangu ni Surat, kwa sababu ya tauni ya Septemba 1994, iliyowafanya mamia ya maelfu ya watu kuukimbia mji, na ya kamishna (mtendaji mkuu wa jiji) S. R. Rao, aliyefika 1995 na kuligeuza jiji lililojaa taka kuwa miongoni mwa majiji safi kabisa India.

Mpenda Pwani
Mwalimu, mimi ningechagua Bhuj. Wanafunzi wetu wanalijua jina la Jairam Shivji, aliyekodi ushuru wa forodha wa Unguja enzi za Seyyid Said, naye asili yake ilikuwa Kachchh.

Afisa Mipangomiji
Naunga mkono Bhuj, ila kwa sababu nyingine. Tetemeko la 26 Januari 2001 liliubomoa mji wa kale wenye vichochoro vyembamba, na serikali ya jimbo ikaunda mamlaka maalumu ya uendelezaji, kwa kuwa manispaa isingeweza kuubeba mzigo ule peke yake. Mamlaka hiyo haikutwaa ardhi yote na kuwahamisha watu kwa nguvu, bali ilipanga viwanja upya: kila mwenye kiwanja alitoa sehemu yake ili barabara zipanuliwe, wenye viwanja vidogo kabisa wakasamehewa, na wenye vikubwa wakakatwa zaidi. Sisi tunaohangaika na urasimishaji wa makazi tunajua jinsi ilivyo vigumu kumshawishi mtu aachie hata mita mbili za uwanja wake. Kwangu hilo lina uzito kuliko sifa za kamishna mmoja, ambaye mwaka 1997 alikwisha kuondoka.

Mstaafu wa Halmashauri
Ndugu Afisa, hoja yako juu ya viwanja naikubali. Hiyo ya mwisho siikubali. Rao aliondoka, lakini utaratibu ulibaki. Aliligawa jiji katika kanda, akawapa wakuu wa kanda mamlaka ya kutoa uamuzi na kutumia fedha, na akawataka maofisa waandamizi wawe mitaani kila asubuhi badala ya kusubiri mafaili ofisini. Katika orodha ya kitaifa ya usafi ya mwaka 2023, Surat ilishika nafasi ya kwanza pamoja na Indore. Waelezeni wanafunzi pia kwamba nguvu za kamishna hazikuzaliwa na tauni, kwani sheria ya majiji ya mwaka 1949 inampa yeye, mteule wa serikali ya jimbo, madaraka ya utendaji, huku meya anayechaguliwa na madiwani akiongoza vikao. Aliyewahi kukaa kati ya mkurugenzi na meya katika halmashauri zetu za Tanzania ataelewa mara moja mvutano unaotokana na hali hiyo.

Mwalimu wa Historia
Mzee wangu, nakushukuru kwa kunirekebisha. Nitaichukua Surat, lakini sitaanza na tauni. Nitaanza na sheria ya 1949 na mwaka 1966, manispaa ilipopandishwa hadhi kuwa jiji lenye kamishna. Ndugu Afisa, ukiwa na ramani za viwanja vya Bhuj kabla na baada ya 2001, naomba unitumie, nizitumie kwenye zoezi la mwisho.