Jetfire yenye mhuri wa Takatoku: ni halisi au ni bandia?

Mpenda_Vichezeo

Salaam wanajamvi. Hivi karibuni nimenunua kwa mkupuo roboti tatu za zamani za Transformers, vichezeo vinavyobadilika kuwa magari, ndege au vifaa vingine, zote bila maboksi, na kila moja imenizulia swali ambalo sijaweza kulijibu peke yangu.

Ya kwanza ni Jetfire, ndege nyeupe yenye vazi jekundu la silaha. Mhuri uliochapwa kwenye plastiki unataja Takatoku badala ya Takara, kampuni ya Kijapani inayojulikana kwa Transformers, na alama iliyo kwenye bawa si uso wa Autobot (kundi la roboti wema) tuliouzoea. Rafiki yangu anayo Jetfire iliyoandikwa Bandai, kampuni nyingine ya vichezeo ya Kijapani. Ya pili ni kigari cha njano kinachobadilika sawasawa na Bumblebee, roboti mdogo wa njano wa Transformers, lakini umbo la gari si Volkswagen hata kidogo. Ya tatu ni Soundwave, roboti inayogeuka kinasa sauti, yenye mwaka 1974, ilhali Transformers zilianza kuuzwa mwaka 1984. Je, nimeuziwa vitu vya bandia? Aidha, plastiki nyeupe ya Jetfire imegeuka manjano, nami natamani kuirudishia weupe wake kama inawezekana.

Kalibu_Kongwe

Ndugu Mpenda_Vichezeo, mhuri wa Takatoku ni habari njema. Wengi hudhani kwamba Transformers zote zilitoka Takara, kwa sababu sehemu kubwa ya zile za kwanza zilikuwa vichezeo vya Kijapani vya mfululizo wa Diaclone na Micro Change, ambavyo Hasbro ya Marekani ilivipatia leseni, ikavibadilisha majina na kuvigawa katika makundi mawili yanayopigana. Hata hivyo Hasbro ilitafuta kalibu kwingine pia, na Jetfire ni mfano ulio wazi kuliko yote: ni ndege ya Valkyrie ya kipimo cha 1/55 iliyotengenezwa na Takatoku kwa ajili ya Macross, katuni ya Kijapani. Takatoku ilifilisika mwaka 1984, kalibu ikaishia mikononi mwa Bandai, na ndiyo maana Jetfire za mwanzo zina mhuri wa Takatoku na alama za Macross, huku za baadaye zikiwa na mhuri wa Bandai. Yako na ya rafiki yako zote zinaweza kuwa halisi. Yako tu imetangulia.

Hapo pia ndipo penye sababu ya Jetfire kutoonekana katika orodha ya Transformers zilizouzwa Japani miaka ile. Takara haikuweza kuuza kichezeo ambacho kalibu yake ilikuwa mali ya mshindani wake mkubwa. Hata katika katuni mhusika huyo alichorwa upya kwa umbo tofauti na kuitwa Skyfire. Mimi naiona Jetfire kuwa kichezeo kinachoeleza historia ya biashara hii kuliko kingine chochote, na ningekushauri usiiuze kwa haraka.

Bi_Stika

Naomba nijibu kuhusu hizo mbili zilizobaki. Mwaka uliochapwa kwenye plastiki ni mwaka wa hakimiliki, wala si mwaka ambao kichezeo kilitoka kiwandani. Soundwave ilitokana na Micro Change, na Micro Change ilikuwa tawi la Microman, mfululizo ambao Takara iliuanzisha mwaka 1974; kwa hiyo tarakimu hizo ni ushahidi wa ukoo wake. Zilizotokana na Diaclone huwa na 1980 kwa sababu iyo hiyo.

Kigari cha njano kinanisisimua zaidi. Ukitazama kwa makini utaona kwamba ni Mazda Familia. Kalibu hiyo nayo ilitoka Micro Change, ikaingia Marekani katika kadi ya kufungashia yenye jina la Cliffjumper, kigari kingine cha Transformers, bila kupewa jina lake yenyewe, na wakusanyaji ndio waliokuja kuiita Bumblejumper. Kabla ya kuamini, linganisha maungio na mihuri na picha za ile inayojulikana kuwa halisi, maana vitu adimu ndivyo vinavyoigwa.

Usihangaishwe na kukosekana kwa ile stika nyeusi ya mraba ambayo ukiisugua kwa kidole hadi ipate joto huonyesha uso wa kundi. Stika hizo zilianza kuwekwa mwaka 1985 ili kuwatofautisha na waigaji, hivyo za 1984 hazikuwa nazo. Mara nyingi kalibu ilirekebishwa na kuachiwa kibonde kidogo cha kuikalisha. Ukipapasa ukakikuta kibonde kitupu, fahamu kuwa stika imebanduka. Plastiki ikiwa laini pasipo kibonde, huenda una ya mwaka wa kwanza.

Mpenda_Vichezeo

Nawashukuru sana. Nimepapasa kifua na paa la kigari: ni laini kabisa. Je, rangi inaweza kutumika kutambua nchi ambako kichezeo kiliuzwa?

Kalibu_Kongwe

Kwa baadhi, ndiyo, ila rangi peke yake haitoshi. Mwaka 1984 Bumblebee na Cliffjumper waliuzwa Marekani kila mmoja kwa njano na kwa nyekundu. Tofauti kubwa za rangi utazikuta Amerika Kusini, ambako kampuni za huko zilitengeneza kwa leseni: Estrela ya Brazili, kwa mfano, iliyaita makundi yake Optimus na Malignus na kuvipaka vigari rangi zisizopatikana kwingine, na Antex ya Ajentina ilikuwa na zake. Ulaya bara Transformers zililetwa na kampuni ya Milton Bradley, na Italia zilipitia kampuni ya GiG. Mimi huanza na mhuri, halafu springi za kurushia makombora, kwa kuwa za Marekani zililegezwa au kuondolewa kwa ajili ya usalama wa watoto na za Kijapani zikaachwa na nguvu zake. Rangi huja mwisho. Ukikuta neno Tomy kando ya Takara, hilo ni toleo la marudio, kwani kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 2006.

Fundi_Skrubu

Kuhusu kung'arisha plastiki, nina msimamo tofauti na wengi. Umanjano huo husababishwa na mwanga na hewa vinavyoishambulia plastiki pamoja na kemikali zilizomo ndani yake. Hidrojeni peroksaidi pamoja na mwanga wa urujuanimno huurudisha weupe, lakini mara nyingi umanjano hurejea baadaye, na ukizidisha muda plastiki hubaki na mabaka. Alama za Macross zilizo kwenye Jetfire hii ndizo zinazoithibitisha kuwa ya mwanzo, na dawa hiyo inaweza kuziharibu. Ningeiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini kwa brashi ya nywele nyororo, nikikwepa stika na maungio ya chuma, niikaushe vizuri, kisha niiweke kwenye kabati lisilopigwa na jua. Ukiamua kutumia dawa hata hivyo, fungua skrubu kwanza, utoe vipande vyeupe visivyo na alama yoyote, na ujaribu kwenye kile kilichofichika zaidi.