Utafiti kuhusu kangomba: niwahesabu wakulima au niwasikilize?

Mwanafunzi wa Masasi
Ndugu zangu, naombeni ushauri. Ninaandika pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu wakulima wa Tandahimba wanaouza korosho kwa kangomba, yaani kwa siri kwa wanunuzi wasio rasmi wanaotumia kipimo chao badala ya mizani, kabla ya minada, ilhali stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, ilianza mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Vyama vya msingi vya ushirika nilivyochagua vina wanachama 1,200, na kwa fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, nikiruhusu kosa la asilimia 5, nimepata sampuli ya watu 300. Msimamizi wangu anasema hojaji peke yake haitanieleza kwa nini wanauza, lakini mwenzangu anashikilia kwamba mahojiano ya watu wachache si ushahidi.

Binti Newala
Pole, ndugu yangu. Lisome tena swali lako: ukitaka kujua ni wangapi wanaouza, hesabu, ukitaka kujua kinachomfanya mama akubali kuuza korosho zikiwa bado mtini, kaa naye umsikilize. Kangomba ni marufuku, kwa hiyo mkulima asiyekufahamu, akikuona na karatasi zenye muhuri, atajibu kwamba hajawahi kuuza, nawe utarudi na "hapana" 300 ambazo programu ya takwimu itazichambua bila kuzitilia shaka. Niliwahi kukusanya data kwa namna hiyo, na hadi leo inaniuma, kwa sababu jioni, hojaji zikiwa zimeshafungwa, watu walewale walitusimulia deni la salfa, ile dawa ya mikorosho, msiba wa ghafla na kipimo cha mnunuzi.

Mzee wa Nachingwea
Binti amesema kweli. Anza na mahojiano, kisha utunge hojaji kwa maneno ya wakulima wenyewe. Utafiti mmoja wa mwaka 2006, uliotokana na mahojiano ya wanawake 60 wa Ghana na Nigeria, ulionyesha kwamba mada nyingi zilikuwa zimeshajitokeza katika mahojiano 12 ya mwanzo; hiyo si sheria, maana wahojiwa wale walifanana kwa mengi. Linalonitia wasiwasi zaidi ni orodha yako: ni ya wanachama tu, na fomula haimwoni mtu ambaye hayumo katika orodha.

Mwanafunzi wa Masasi
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Wasio wanachama sikuwa nimewafikiria kabisa. Je, Julai inafaa kwa mahojiano?

Binti Newala
Inafaa, ila nenda jioni, kwani asubuhi wanapuliza salfa. Na jina la mtu usiliandike popote.